Kifurushi Chenye Jina Langu

Nilianzia maktaba ya mkoa, Jumatatu,
macho mazito kwa zamu ya usiku.
Kabati la dini lina rafu tatu:
Ukristo, Uislamu,
na ya chini kabisa, Nyinginezo.
Nikapiga magoti. Kwenye Nyinginezo
palikuwa na kitabu kimoja cha ufugaji wa nyuki
na panzi mkavu.

Mkutubi, Bwana Kapela, akavua miwani.
"Budha? Yule mnene, anayecheka?
Nilimwona dukani, kabandikwa bei kitumboni."
Akaniandika kwenye daftari la maombi
chini ya mtu aliyeomba, mwaka juzi,
kamusi ya Kifaransa.

Shangazi Nyanzobe aliposikia aliweka ungo chini.
"Baba yako alisali Ijumaa, mama yako Jumapili,
na zote mbili zimekushinda.
Hiyo ya tatu utaisali siku gani?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na usingizi uliotoroka
tangu tumzike Mihayo, kaka yangu,
na nusu ukurasa niliofungiwa karanga sokoni,
unaoeleza namna ya kukaa na pumzi
kama unavyokaa na mgonjwa.
Kisha mafuta yamekula maneno yaliyobaki.

Nikaandika barua. Nilisikia hekalu liko Dar es Salaam;
mtaa siujui. Juu ya bahasha nikaweka tu:
Kwa Watawa wa Budha. Posta watajua.

Miaka kumi na tisa mimi ni karani wa vifurushi,
stesheni ya Tabora. Nimepima magodoro, vifaranga,
jeneza tupu likienda Mpanda,
asali ya Sikonge ikivuja kimyakimya,
mizigo ya Kigoma, ya Mwanza, ya watu.
Sijawahi kupima kitu chenye jina langu.

Kilikuja wiki ya saba. Kilo moja na robo.
Nikajitoza ushuru, nikajikatia risiti,
nikasaini mara mbili: mtoaji, mpokeaji.

Ndani, vijitabu viwili,
kimoja cha Kiingereza kigumu kama kashata ya juzi,
na barua ya Kiswahili cha mgeni,
herufi zimelala upande mmoja
kama nyasi alipopita ng'ombe:
"Dada, wewe keti tu. Wewe hesabu pumzi mpaka kumi.
Wewe potea, wewe rudi moja. Si kosa.
Fikira ni mawingu, wewe ni anga."

Mtawa, huku ni Septemba.
Mawingu tutayaona Novemba, Mungu akipenda.
Nilicho nacho ni mabehewa.

Basi nimeshona mto kwa gunia la stesheni,
nikaujaza sufi ya mti wa jirani.
Saa kumi alfajiri, treni ikishaingia
na wanaikata vipande,
hiki Mwanza, hiki Kigoma, hiki Mpanda,
mimi naketi nyuma ya mzani, mgongo wima.
Moja. Mbili. Tatu: deni la mabati.
Moja. Mbili: Mihayo na koti lake la mvua
mlangoni mwa behewa, anapunga mkono.
Hilo najua si la kudandia.
Nalidandia. Nafika nalo Urambo
ndipo nakumbuka kwamba nilikuwa nahesabu.
Moja.

Kumi sijafika. Juzi nilifika saba,
kifaranga akalia ndani ya boksi la kwenda Kaliua,
nikamsikia yeye peke yake,
na sikumtafutia maana.

Shangazi, jibu lako: usiku wa zamu.

Na kile kijitabu kigumu nimekipeleka maktaba,
nimekiandika pembeni kwa penseli
pale nilipoelewa, na pale nilipodhani nimeelewa.
Bwana Kapela alikibandika namba bila kuuliza.
Nikapiga magoti tena,
nikakisimamisha kando ya nyuki.
Panzi sikumtoa.